Kijiji cha Mama Kwenye Diski Kubwa

Provadia, 2 Novemba

Kaka Lacho,

Najua huko melini mnapokea barua za maneno matupu, bila picha wala kitu cha kuambatanisha, kwa hiyo nitakueleza kwa maneno, na wewe usije ukaniambia "nipigie picha kioo".

Kompyuta ya Mama imegoma. Kuwaka inawaka. Mchezo wake wa kijiji unafunguka, anacheza mpaka jioni kama kawaida. Shida ni pale mwisho, anapofunga siku ili mchezo uihifadhi: yanatokea maandishi mekundu kwamba diski imejaa na siku haikuhifadhiwa. Mama hayasomi, anabonyeza chochote, anazima. Kesho yake akifungua, jana yake yote haipo. Juzi alipanda miplamu mle mchezoni, nyuma ya nyumba ya jirani yetu Ginka. Jana haikuwepo, akaniuliza nani kaing'oa. Nikamwambia labda hukupanda, Mama. Weee, jicho alilonipa, ungedhani mwizi ni mimi.

Unamjua Mama alivyo siku hizi. Anasahau sufuria jikoni, anasahau jina la mume wangu (na yeye wala hajali, ameshazoea kuitwa "wewe bwana"), lakini kile kijiji hakisahau. Miaka yote hii kila aliyewahi kuishi mtaa wetu amemjengea nyumba mle ndani na kumpa jina lake.

Na unajua ninachoogopa. Ni nyumba ya Baba. Alipomtoa Baba kijijini kwa mkono wake mwenyewe, baada ya arobaini, akatundika ubao kwenye lango la ile nyumba na kuandika maneno yale yale tuliyoyachapa kwenye karatasi za msiba za kubandika malangoni: Spas, mtu wa reli, mume na baba mpendwa, hatutakusahau. Miaka mitatu sasa anapita pale kila siku, anausoma, anatikisa kichwa, anakwenda kulisha mbuzi. Mimi sijawahi kumwambia tena kwamba Baba alikufa. Ubao ndio unaomwambia, na kutoka kwenye ubao anaipokea ile habari. Karatasi ya msiba ya lango letu la kweli haina msaada, mvua imeosha sura ya Baba, na hata hivyo Mama hafiki mpaka langoni. Kijiji kile kikipotea, Lacho, itabidi nimpe habari ya msiba upya kila siku, na kila siku atalia kilio cha siku ya kwanza. Siwezi. Nakwambia mapema kwamba siwezi.

Jana ilikuwa Jumamosi ya Wafu. Nimepeleka ngano ya kuchemsha na divai makaburini peke yangu. Mama nilimwambia nakwenda sokoni.

Niambie nifute nini, na nini nisiguse.

Mdogo wako,
Nevena


Baharini, kusini ya visiwa vya Azori, 5 Novemba

Neve,

Punguza presha, hili ni dogo. Ningekuwa nyumbani lisingemaliza hata kikombe cha kahawa.

Kompyuta ile ina diski mbili. Ndogo ni ya mfumo wenyewe, kubwa ni ya mizigo. Iliyojaa ni kubwa, na aliyeijaza ni mimi na filamu zangu. Zifute zote, nishaziona. Faili za kijiji cha Mama zimo kwenye folda ya Nyaraka: ndani yake utakuta folda yenye jina la mchezo. Hiyo usiiguse hata kwa bahati mbaya. Utakuta faili nyingi ajabu, kwa sababu mchezo huo haujui kutupa kitu, kila siku ya kijiji inakuwa faili jipya, nao umekaa na siku zote tangu Mama aanze. Ukiweza, nakili folda hiyo kwenye flashi kabla ya kufanya lolote. Halafu futa filamu, safisha pipa la taka, washa upya. Basi.

Andika kwa kifupi na mimi najibu kwa kifupi, antena yetu imeanza kuleta za kuleta na nahodha amenikodolea macho mimi fundi umeme utadhani niliivunja kwa meno. Mpishi ametupikia supu ya maharage leo, si yetu, ya kwake, na sisemi zaidi.

Mbusu Mama. Mwambie miplamu itarudi.

Lacho


Provadia, 7 Novemba

Kaka,

Nimeweza! Peke yangu, bila mume, bila fundi, na wewe uliyekuwa ukiniita mkono wa kushoto.

Ila sikufuata kila kitu. Nilipofungua filamu zako nikakuta katikati yake kuna video za nyumbani. Harusi yangu imo. Baba anachoma pilipili hoho za kusindika uani, anakutukana wewe kwa kuchelewa na kuni. Majina yake ni tarakimu tupu, filamu ni ipi na Baba ni ipi sijui, na nikaona nikifuta kwa kubahatisha nitakuja kujiua. Nikaziacha zote.

Halafu nikagundua kinachojaza diski. Kumbe ulishanakili kijiji cha Mama na kusahau! Folda ile ile ya mchezo ipo kwenye Nyaraka kama ulivyosema, na ipo tena kwenye diski kubwa. Nililinganisha moja moja, faili zile zile, tarehe zile zile, uzito ule ule, na uzito wenyewe unashinda filamu zako zote. Nakala mbili za nini? Ya Nyaraka sijaigusa. Nimefuta ile ya diski kubwa, nimesafisha na pipa. Sasa nafasi ipo tele. Flashi sikuitumia, yangu ni ndogo.

Mama amelala mchana. Akiamka namfungulia kijiji chake, na ninaoka banitsa, ile pai yetu ya malenge, kujipongeza.

Nevena


Provadia, 7 Novemba, jioni

Lacho, jibu mara moja ukiipata hii.

Kijiji hakipo. Nimefungua mchezo, unauliza kama nataka kuanza kijiji kipya. Folda ya Nyaraka ipo, jina lipo, nikiibonyeza inasema mahali hapo hapapatikani. Sikuigusa, naapa kwa macho yangu. Nilifuta ile nyingine tu. Mama amekaa pembeni yangu na miwani yake anasubiri. Nimemwambia umeme unasumbua.

Nifanye nini?

N.


Provadia, 11 Novemba

Kaka, uko wapi?

Nimeandika kila siku na hakuna kinachorudi. Nimepiga simu ofisini kwenu Varna, msichana mmoja mpole akaniambia meli ni nzima, mawasiliano tu yana hitilafu, niwe na subira. Nimwambieje msichana wa watu kwamba ninachohitaji ni kujua folda iko wapi?

Siku mbili nilimzuia Mama, mara umeme, mara waya. Akaanza kuzunguka nyumba kutoka dirisha mpaka dirisha, akisema mbuzi hawajakamuliwa. Siku ya tatu nikaona bora nimfungulie kijiji kipya kuliko kumtazama vile. Ni uwanja mtupu wenye nyasi na kibanda kimoja. Aliutazama muda mrefu. Akauliza kwa nini tumehamishwa. Kisha akaanza kutafuta watu. Akatembea mle ndani mpaka ukingoni mwa ramani, upande huu na upande ule, akimwita Ginka, akimwita mama yake mzazi. Halafu akanigeukia akasema, "Na baba yako mmemweka wapi?"

Nikamwambia. Nilimshika mikono yote miwili nikamwambia. Unajua alichojibu? Hakuniuliza alikufaje. Aliniuliza, "Kwa nini hamkuniita kwenye mazishi?"

Na aliyemvisha Baba suti ni yeye.

Leo asubuhi ameuliza tena, na tumelia tena tangu mwanzo.

Nevena


Baharini, 6 Novemba

Neve, barua ya pili haraka haraka kabla antena haijazima, nimekumbuka kitu kitandani.

Folda ya mchezo utaiona mahali pawili, Nyaraka na kwenye diski kubwa. Usidanganyike, si mbili. Faili zote zinakaa diski kubwa. Mwaka ule diski ndogo ilipojaa nilizihamishia huko, na kwa kuwa mchezo hauelewi isipokuwa njia ya Nyaraka, pale Nyaraka niliweka mlango tu. Ukiufungua unaona vitu vyote, lakini ni vile vile vya diski kubwa unaviona kwa mlango wa pili. Ukifuta upande wa diski kubwa umefuta vyote, mlango utabaki unaelekea hewani. Ningekwambia tangu mwanzo, nilikuwa naandika huku nahodha kanisimamia kichwani.

Kwa hiyo futa filamu tu. Filamu tu, Neve.

Lacho


Baharini, 13 Novemba

Neve wangu,

Antena imepona leo. Nimepokea barua zako zote kwa mkupuo, na nimeona ile yangu ya tarehe sita ndiyo kwanza inaondoka. Ilikuwa imekwama humu humu melini. Nilikuwa napita mbele yake kila siku kwenda kutengeneza antena.

Usijilaumu. Ulilinganisha kama mtu mwenye akili anavyolinganisha, na ulichoona ni kweli, zilifanana kwa sababu zilikuwa zenyewe. Mimi ndiye niliyetengeneza ujanja ule nikaona niko hodari, nikaondoka na funguo kichwani.

Sasa sikiliza. Zima kompyuta. Usiiwashe, Mama asicheze kabisa. Faili likifutwa haliondoki papo hapo, linabaki pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kijiji kipya nacho kinahifadhiwa huko huko diski kubwa, na kila siku yake anayohifadhi Mama inaweza kuandikwa juu ya kijiji cha zamani. Itoe diski kubwa, ipeleke Varna kwa fundi anayefufua diski. Mwambie zimefutwa lini.

Ninaandika hivi na najua ni tarehe kumi na tatu, na najua amekuwa akicheza. Lakini nenda.

Ningekuwa na simu ningekupigia nikakaa kimya tu tusikilizane. Hapa nina sanduku la vyuma na bahari pande zote.

Lacho


Provadia, 19 Novemba

Kaka,

Nimetoka Varna. Fundi ni kijana mwenye ndevu, mstaarabu, amefanya kazi aliyoweza. Video za harusi yangu ametoa na nakala ya ziada, wala hazikuwa zimepotea. Za kijiji amepata majina ya faili. Majina tu, ndani yake kumeandikwa mambo ya kijiji kipya, nyasi na kile kibanda. Amenionyesha orodha ndefu ya siku za Mama, zote maganda. Nikamwuliza kama hakuna hata moja, hata ya mwaka wa kwanza. Akatikisa kichwa, akanikataza kulipa.

Basi kwa mikono yangu nilifuta, na kwa huruma yangu nikafukia. Ningemwacha azunguke madirishani zile siku chache, huenda tungepata kitu.

Mama nimeacha kumwambia ukweli. Nilimwambia siku tatu, nne, siku ya tano alipouliza nikamwambia Baba yuko zamu, treni ya mizigo imechelewa stesheni ya Kaspichan. Yakatoka mdomoni yenyewe. Akasema "ah", akatulia, akamwekea supu pembeni ya jiko. Jioni akauliza tena. Zamu, Mama. Usiku nikaimwaga ile supu ili asubuhi akute sahani imeliwa. Ndipo nilipofika, Lacho. Wewe umesomea umeme, niambie ubao ule nitautundika wapi ili ausome kama alivyokuwa akiusoma ule. Nimechapa karatasi ya msiba mpya nikaibandika kwenye mlango wa jikoni, picha nzuri ya Baba na kofia ya reli. Ameitazama akasema imetoka vizuri, tuitie kwenye fremu.

Ule aliuandika mwenyewe, kaka. Nadhani ndiyo maana aliuamini.

Nevena


Santos, 26 Novemba

Neve,

Tumefunga gati hapa bandarini jana. Nakuandikia kutoka klabu ya mabaharia, hapa kuna mtandao wa watu. Kwenye anwani yako nyingine nimekutumia faili moja. Lifungue, liweke kwenye folda ya Nyaraka, na nimekuandikia hatua zote, safari hii hakuna milango, hakuna ujanja, kila kitu ni mahali pamoja.

Ni kijiji cha Mama. Nilikinakili kwenye laptop yangu zamani, nilipokuwa naondoka kwa mkataba, ili nikikumbuka nyumbani nikifungue nitembee mtaani kwetu. Sikukwambia mapema kwa sababu niliogopa laptop yenyewe imeshakufa, ilikuwa sandukuni na unyevu. Imewaka. Nyumba zote zipo, Ginka yupo, bibi yupo, mbuzi wapo.

Lakini ni cha masika ya mwaka ule, Neve. Kabla ya msiba wa Baba. Kwa hiyo Baba yumo.

Sikiliza kinachotakiwa. Kabla Mama hajakiona, kifungue wewe. Nenda nyumba ya Baba, simama mbele yake, bonyeza orodha, chagua "aondoke kijijini". Mchezo utauliza kama una hakika. Kubali. Kisha chukua ubao ghalani, utundike langoni, andika maneno yale. Hifadhi. Mama atakuta kijiji chake na ubao wake, itakosekana miplamu na vitu vya hapa na pale tu, na hatajua.

Najua utaniuliza kwa nini sikufanya mwenyewe kabla ya kutuma. Nilijaribu. Nimejaribu baharini zaidi ya mara moja. Amesimama pale bandani kwa kuku, na ukimkaribia anasema maneno ambayo Mama alimwandikia ayaseme, "Umekula wewe?" Nafika mpaka pale pa kuuliza kama nina hakika, nafunga laptop. Mimi sikuwepo alipokufa. Wewe ndiye uliyemfumba macho. Kwangu mimi huyu ndiye wa mwisho niliyemwona, ananiuliza kama nimekula, na mkono umenikataa.

Wewe ni jasiri kuliko mimi, siku zote umekuwa. Nakuomba.

Lacho


Provadia, 1 Desemba

Kaka,

Faili limefika. Nimeliweka kama ulivyoeleza, limefunguka mara ya kwanza.

Nilisubiri Mama alale mchana. Nilikwenda moja kwa moja nyumba ya Baba nisije nikapoteza nguvu kwa kuzunguka. Alikuwa bandani. Ameniuliza kama nimekula. Lacho, mimi sijawahi kucheza mchezo huo hata mara moja, nilikuwa naupitia nyuma ya kiti cha Mama na ndoo ya kudekia, sikujua kwamba amemvalisha ile fulana ya kijani yenye kiraka kwenye kiwiko. Nikachagua pale pa kuondoka. Mchezo ukauliza. Nikakaa. Unasema mimi ni jasiri kwa sababu nilimfumba macho. Yale yalikuwa yameshaisha yenyewe, mimi nilishusha kope tu. Hili lilikuwa linataka nimuue.

Sijui nilikaa muda gani. Mama alikuwa ameamka, amesimama nyuma yangu na soksi zake, sikumsikia. Akaniwekea mkono begani akasema, "Toka hapo, unamsumbua baba yako."

Nikatoka. Nifanye nini? Nikatoka, akakaa, akaondoa lile swali bila hata kulisoma, kama anavyoondoa kila kitu. Akacheza mpaka jioni. Akafunga siku, ikahifadhiwa. Usiku alikula sahani mbili za pilipili hoho za kujaza wali, akaniambia nywele zangu zimependeza.

Sasa hivi hana shida yoyote, na hilo ndilo linaloniua. Haulizi tena Baba yuko wapi, anajua yuko wapi, amemwona mchana. Anamtengea sahani. Anamwachia mlango bila komeo. Kuna baridi, mlango unabaki wazi usiku kucha, na mimi nikienda kuufunga anaamka kuufungua. Jana amesimama langoni na koti jepesi akimsubiri ashuke kutoka stesheni, nimemrudisha ndani midomo imekuwa ya bluu. Nikimwambia ukweli ananionea huruma. Kumtoa Baba mle ndani sasa siwezi tena, atamtafuta, na akijua ni mimi hatanisamehe.

Wewe anakuamini. Kila ukimwandikia yeye namchapia, anasoma barua yako mara nyingi, anaiweka chini ya mto, asubuhi anaisoma tena. Chochote utakachoandika kitakuwa chini ya mto wake kila siku. Mwandikie wewe. Mwandikie kwamba Baba amekufa, kwa maneno yako, kwa upole unaoujua, lakini kwa wazi. Iwe ndiyo ubao wake. Nimemwambia barua yako ya muhimu inakuja.

Mimi niliyafanya yote haya mengine. Hili moja fanya wewe.

Nevena


Provadia, 8 Desemba

Mwanangu Lachezar,

Nakuandikia mwenyewe kwenye kompyuta, Nevena atabonyeza pa kutuma. Huku kwetu hatujambo, baridi imeshuka na theluji bado. Natumaini meli yenu ni kavu na unavaa soksi za sufu nilizokufumia, si zile za dukani.

Juzi ilikuwa Mtakatifu Nikola, siku yenu mabaharia. Nimeoka kambare wa kujaza wali na njugu za jozi kama inavyotakiwa, na kichwa nimekuwekea wewe kwa mawazo tu, mume wa Nevena amekila. Tumekunywa kidogo kwa ajili yako. Baba yako amechelewa kazini, nimemwachia mkia, anaupenda.

Kijiji changu kimerudi chote. Walikuwa wametuhamisha sijui wapi, mahali pa nyasi tupu, nilikonda. Sasa niko kwangu. Baba yako hasemi sana, unamjua, lakini yupo, na akiwepo mtu nyumba inakuwa na joto.

Kuna jambo linanisumbua na sina wa kumwambia ila wewe mkubwa. Ni dada yako. Nadhani anaumwa na anatuficha. Anabandika langoni karatasi za msiba zenye picha ya baba yako, mtu mzima anayepumua! Majirani wanapita wanasoma. Nimezichana zote, hata ya jikoni. Nilipomwuliza akalia, akaniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Juzi nimemkuta akimwaga supu ya baba yake kwenye sinki gizani. Sijamgombeza. Nilimfunika blanketi nikakaa naye mpaka akalala. Mama yangu naye alianza hivyo hivyo, kuchanganya mambo.

Wewe hujawahi kunidanganya tangu utoto, hata ulipovunja taa ya stesheni ulikuja mwenyewe. Nevena anasema kuna barua yako ya muhimu inakuja. Naisubiri. Niambie kweli, mwanangu: dada yako ana nini? Na akisema vile kuhusu baba yako, nimjibu nini?

Nakubusu macho,
Mama


Baharini, 14 Desemba

Mama yangu mpenzi,

Nimepata barua yako, nimeisoma mara nyingi. Ulichoandika kuhusu soksi ni kweli, nilikuwa nimevaa za dukani, nimebadilisha.

Mimi ni mzima. Mkataba wangu unaisha mwishoni mwa masika. Joto la huku halifai, watu wanalala sitaha na mpishi ameanza kupika kidogo kama binadamu.

Barua ya muhimu ni hii. Nimeianza mara nyingi, nikafuta, nikaanza tena.

Nevena haumwi, Mama. Nevena amechoka. Amebeba vitu vingi peke yake kwa sababu mimi siko, na vingine nimemwongezea mimi. Usimwogope, na akilia mfunike blanketi kama ulivyofanya. Akikuambia jambo lolote, hata likiwa gumu, usimbishie. Mshike mkono tu.

Uliniuliza umjibu nini kuhusu Baba.

Ufunge mlango usiku, Mama, ufunge kwa ufunguo. Baba ana ufunguo wake. Na usimsubiri langoni na koti jepesi, yeye mwenyewe asingependa. Msalimie sana. Mwambie asipande juu ya paa peke yake kusafisha bomba la moshi, anisubiri, nakuja tutalisafisha pamoja.

Mwanao,
Lachezar